Askari Aliyezeekea Nyumbani

Jenerali David Bugozi Musuguri alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920, akaingia jeshini mwaka 1942, akastaafu mwaka 1988 akiwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, na akafariki dunia tarehe 29 Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Miaka hiyo ikigawanywa kwa kufuata hatua hizo, inapatikana miaka 22 ya utoto na ujana katika nchi ya Wazanaki, miaka 46 ya utumishi chini ya bendera ya Uingereza, ya Tanganyika na hatimaye ya Tanzania, na miaka 36 ya uzee baada ya kuvua sare. Vita ambavyo jina lake hutajwa navyo zaidi, yaani Vita vya Kagera, vilianza Oktoba 1978 na kumalizika Juni 1979, muda ambao haukufika hata mwaka mmoja kati ya miaka hiyo yote.

Kumbukumbu ya umma huishika miezi hiyo na kuiachilia miaka. Jambo hilo lina sababu zake, kwa kuwa vita huandikwa, hupigwa picha, hutungiwa nyimbo na kuwekewa minara, ilhali maisha ya mtu katika mji wake, akiwa mume, baba na jirani, hupita bila karani wa kuyanakili. Hata hivyo askari aliyejaliwa umri mrefu hawezi kueleweka kwa vita vyake pekee, na tafakari hii inashikilia kwamba nyumba yake ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya utumishi wake, wakati akiwa mbali na kwa miongo mingi baada ya kurudi.

Mkoa wa Mara, ulioko kaskazini mwa Tanzania kati ya Ziwa Victoria, mpaka wa Kenya na hifadhi ya Serengeti, umefungamana na jeshi kwa muda mrefu. Katika enzi ya ukoloni Waingereza waliandikisha vijana wengi kutoka iliyokuwa Wilaya ya Musoma, hasa Wakurya na makabila jirani, wakawaingiza katika King's African Rifles, jeshi la askari wa Afrika Mashariki lililoongozwa na maofisa wa Kiingereza, ambalo wananchi walizoea kuliita Keya. Mkondo huo haukukatika baada ya uhuru, kwa maana Musuguri alipostaafu nafasi yake ilichukuliwa na Jenerali Ernest Mwita Kiaro, naye mtu wa Mara, na katika miaka ya mwisho ya Musuguri kazini Waziri Mkuu wa nchi alikuwa Joseph Sinde Warioba, mzaliwa wa Bunda. Majina ya namna hiyo yanajulikana. Nyuma yake wapo makoplo, masajini na wanamgambo wasiohesabika ambao walirudi vijijini, wakanunua ng'ombe, wakalima mihogo, mtama na pamba, wakasomesha watoto kwa pensheni ndogo, na wakazeeka bila kuandikwa na gazeti lolote.

Mahali pazuri pa kuona namna askari wa aina hiyo anavyokumbukwa ni katika wasifu wa marehemu, ile taarifa fupi ya maisha inayosomwa msibani kabla ya mwili kupelekwa kaburini. Kwa kawaida ni karatasi mbili au tatu, zilizochapwa haraka katika duka la steshenari mjini Musoma au Bunda siku ya kuamkia mazishi, na msomaji wake, ambaye mara nyingi ni mtoto mkubwa au ndugu mwenye sauti ya kusikika, husimama karibu na jeneza chini ya turubai na kuanza na tarehe ya kuzaliwa, ambayo kwa wazee wengi ni ya kukisia. Kisha hufuata elimu, kisha ajira, na hapo wasifu hupata nguvu mpya: namba ya jeshi, chuo cha mafunzo, kambi moja baada ya nyingine, cheo kimoja baada ya kingine, kila kimoja na mwaka wake, medali zote kwa majina yake, na vita alivyoshiriki. Baada ya ukurasa mzima wa mambo hayo, huja sentensi moja inayosema kwamba marehemu alifunga ndoa, na nyingine ya mwisho inayosema kwamba ameacha mjane, watoto kadhaa, wajukuu kadhaa na vitukuu kadhaa. Mjane huyo, aliyeketi chini kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzake, husikia miaka 50 ya maisha yake ikisomwa kwa pumzi moja.

Haitakuwa haki kuwalaumu watoto walioandika wasifu huo usiku kucha wakiwa na msiba mzito. Uwiano huo unatokana na mahali taarifa zilikopatikana. Jeshi linamwandika mtu tangu siku ya kwanza, linamwekea jalada, linampa barua kila anapopandishwa cheo na cheti kila anapomaliza kozi, na karatasi hizo hutunzwa ndani ya sanduku chini ya kitanda kwa heshima ya pekee. Ndoa za kizazi kile, zilizofungwa kwa ng'ombe mbele ya wazee, hazikuwa na jalada, na mwaka ambao mama alikaa peke yake na watoto wachanga huku mvua zimechelewa haukuandikiwa barua na mtu yeyote. Kumbukumbu hufuata karatasi, na kwa hiyo mtu aliyekuwa mume kwa miaka 60 huzikwa kama sajini wa miaka 20.

Inafaa basi kurudi mwaka 1942 na kuutazama kutoka pande mbili. Upande wa historia kubwa, Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimefika Bahari ya Hindi, na Waingereza walihofia kwamba Wajapani wangeweza kuitumia bandari ya Diego Suarez katika kisiwa cha Madagascar, kilichokuwa chini ya serikali ya Ufaransa ya Vichy, yaani ile iliyokubali kushirikiana na Ujerumani baada ya Ufaransa kushindwa. Majeshi ya Uingereza yalitua kisiwani humo mwezi Mei, brigedi kutoka Afrika Mashariki ikafuata baadaye, na mapigano yakaisha Novemba. Musuguri, kijana wa miaka 22 kutoka nchi ya mifugo na mtama, alikuwa miongoni mwa askari wa Keya waliotumika huko, katika vita ambavyo wazazi wao hawakushauriwa juu yake na ambavyo adui yake hawakuwahi kumsikia.

Upande wa nyumbani, kuondoka kwa kijana mmoja kulibadili mpangilio wa mji wote, na mji hapa una maana ya makazi ya familia moja pamoja na zizi, maghala na mashamba yake. Kazi za wanaume, kama kufyeka pori, kujenga boma la ng'ombe na kulinda mifugo usiku, ziliwaangukia wazee, wavulana wadogo na wanawake ambao tayari walikuwa na jembe, kinu na watoto. Serikali ya kikoloni iliweka utaratibu wa kukata sehemu ya mshahara wa askari na kuilipa familia yake kupitia ofisi ya wilaya, na kwa wengi katika eneo hili jambo hilo lilimaanisha safari ya miguu hadi Musoma. Fedha hiyo ilikuwa kidogo, lakini ilibeba ujumbe ambao barua haikuweza kuubeba kwa watu wasiojua kusoma: kwamba mwenye jina hilo yu hai, na hajausahau mji wake. Siku malipo yalipokatika bila maelezo, nyumba ilianza kuogopa kabla taarifa yoyote haijafika.

Baada ya vita Musuguri alibaki jeshini na akawa mkufunzi wa askari nchini Kenya, katika jeshi lile lile ambalo kijana wa Uganda aitwaye Idi Amin alijiunga nalo mwaka 1946. Katika miaka ya 1950 alipata cheo cha efendi, daraja lililoundwa kwa ajili ya Waafrika ambao Waingereza walitaka kuwapa madaraka ya ofisa bila kuwapa hadhi kamili ya ofisa wa Kiingereza. Uhuru ulikuja mwaka 1961. Maasi ya askari yakatokea Januari 1964. Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Wachache walivuka vipindi vyote hivyo wakiwa ndani ya sare, na pengine hapo ndipo panapoonekana tabia ya mtu huyu kuliko katika ushindi wowote, kwa sababu uvumilivu wa namna hiyo, wa kufanya kazi ile ile vizuri chini ya mabwana tofauti mpaka kazi hiyo iwe ya nchi yake mwenyewe, hauna siku maalumu ya kuadhimishwa.

Vita vya Kagera vilimkuta akikaribia miaka 59. Majeshi ya Amin, ambaye sasa alikuwa mtawala wa Uganda, yalipolivamia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kudai kwamba ni sehemu ya Uganda, Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa, katika hotuba ambayo wengi wa kizazi hicho bado wanaikumbuka kwa mpangilio wake wa uwezo, sababu na nia, kwamba Tanzania itapigana. Jeshi lilipanuliwa kwa haraka kwa kuingiza wanamgambo, yaani raia waliopewa mafunzo ya awali ya kijeshi vijijini na makazini, pamoja na askari wa polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Musuguri alikabidhiwa Divisheni ya 20, kikosi kikuu kilichoingia Uganda mapema mwaka 1979, na mji wa Masaka ukatekwa tarehe 24 Februari.

Mapigano ya Lukaya, ya tarehe 10 na 11 Machi 1979, yanastahili kusimuliwa kidogo. Lukaya ni mji mdogo ulio kwenye barabara ya Masaka kuelekea Kampala, na upande wake wa kusini kuna eneo kubwa la matope na mafunjo ambalo barabara hulipita juu ya tuta jembamba, kiasi kwamba jeshi linalovuka hapo halina nafasi ya kutawanyika. Brigedi ya 201 ilipovuka ilikutana na askari wa Uganda wakisaidiwa na Walibya, waliofyatua makombora ya roketi ambayo mengi yalipita juu, lakini kishindo chake kiliwatia hofu wanamgambo ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kusikia kitu cha namna ile, wakarudi nyuma bila mpangilio. Makamanda walilazimika kubadili mpango. Brigedi ya 208, iliyokuwa imezunguka mbali upande wa kaskazini-magharibi, iliamriwa kugeuka na kuwapiga adui kutokea barabara ya Kampala, huku ile iliyokimbia ikikusanywa upya na kurudishwa vitani kutoka kusini. Siku ya pili adui alivunjika, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilikuwa mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wa Uganda walioshirikiana nao.

Historia ya kijeshi itaendelea kuchambua uamuzi wa Lukaya, na ina haki ya kufanya hivyo. Katika tafakari kuhusu maisha ya mtu, hata hivyo, kinachogusa zaidi ni kule kuwakusanya watu waliokimbia. Wanamgambo wale walikuwa wakulima na vibarua ambao miezi michache kabla walikuwa mashambani kwao, wengi wakiwa na umri wa watoto wa kamanda wao, na aliyewapa amri alikuwa na umri ambao katika jamii za Mara mwanamume huketi na wazee, akaulizwa juu ya mipaka ya mashamba, mahari na ugomvi wa koo. Jeshi lililoweza kuwarudisha watu kama hao barabarani usiku mmoja baada ya kuvunjika lilihitaji silaha na ramani, ndiyo, lakini lilihitaji pia sauti ya mtu mzima ambayo vijana wale walikwishazoea kuitii nyumbani.

Nyumbani nako vita vilipiganwa kwa namna yake. Watu walizisikiliza taarifa za Radio Tanzania Dar es Salaam wakiwa wamejipanga kuizunguka redio moja, na vijiji vilichangia mifugo na chakula. Sukari, sabuni na mafuta ya taa vilikuwa adimu, na uhaba huo uliendelea miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza, kwa kuwa gharama ya vita ilikuja wakati uchumi wa nchi umekwisha kudhoofika. Mke wa askari aliupokea mzigo huo mara mbili: kama raia aliyepanga foleni kwenye duka la ushirika, na kama mtu aliyekuwa hajui iwapo mumewe yuko Masaka, Jinja au kaburini.

Musuguri aliliongoza Jeshi la Wananchi tangu mwaka 1980, kisha akastaafu na kurudi Butiama, ambako alikuwa jirani wa mtu mwingine aliyekuwa amerudi. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa miaka miwili baada yake katika kijiji hicho hicho, aling'atuka urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990, akaishi Mwitongo, eneo la familia yake ambako pia alizikwa Oktoba 1999. Musuguri aliishi miaka mingine 25 baada ya mazishi hayo. Kijiji kimoja chenye mwinuko wa mawe na mashamba kiliwapata amiri jeshi mkuu na jemadari wake wakiwa wazee wa kawaida wa kusalimiwa njiani, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosemwa, ikikumbukwa ni nchi ngapi za bara hili ambako watu wa nafasi hizo mbili walimalizana wao kwa wao. Askari aliyezeekea kijijini hufundisha kwa kuwapo tu kwamba bunduki ina mwisho wake na kwamba baada yake kuna shamba; na vijana wanaopelekwa kila mwaka katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Rwamkoma, katika wilaya hiyo hiyo ya Butiama, walipata kwa miaka mingi bahati ya kufunzwa jirani na mzee aliyekuwa ameyapita yote hayo.

Likija suala la mume, maneno ya kawaida ya sifa hayatoshi, kwa kuwa askari wa kizazi hicho hakuweza kuuonyesha uaminifu wake kwa kuwapo. Aliuonyesha kwa kupeleka posho, kwa kurudi likizoni na kuukarabati mji kabla ya kupumzika, kwa kuwatambua na kuwasomesha watoto wote, na katika ndoa za wake wengi, ambazo zilikuwa za kawaida Mara, kwa kutoufanya mlango mmoja ulie huku mwingine ukicheka. Aliuonyesha zaidi alipostaafu, wakati ambapo mwanamume aliyeamrisha watu kwa miaka 20 au 30 hurudi katika nyumba ambayo imejifunza kujiendesha bila yeye. Mke ndiye ajuaye ni shamba lipi lina mpaka wenye ugomvi, nani anadaiwa mbuzi, mtoto yupi hatakiwi kukaripiwa mbele ya watu. Wapo waliorudi na sauti ya kwata wakaivuruga nyumba, na wapo waliokubali kuwa wanafunzi wa wake zao kwa miaka ya kwanza, na hao wa pili ndio waume ambao wajane wao huwalilia kwa maneno na si kwa desturi pekee.

Mfano wa mzigo wa mke anayebaki nyumbani upo hata katika nyumba isiyokuwa ya askari. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU, Mama Maria, aliyefunga naye ndoa mwaka 1953, alisaidia kuitunza familia kwa duka dogo Magomeni, lililouza mahitaji ya kila siku yakiwemo mafuta ya taa. Historia ya uhuru inamtaja kwa heshima, lakini kwa kawaida inamtaja kama pembezoni mwa habari, kana kwamba safari za mwanasiasa asiye na mshahara zingeweza kufanyika kama watoto wangelala njaa.

Huko Kaboya, wilayani Muleba katika Mkoa wa Kagera, yako makaburi ya askari waliokufa katika vita vya mwaka 1978 na 1979, na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka. Ni haki yao. Watoto wao walipewa baba wa kwenye picha, kijana milele, asiye na kosa. Watoto wa askari waliorudi walipewa jambo gumu zaidi na lenye thamani zaidi: baba aliyezeeka mbele ya macho yao, aliyekosea, aliyeshtuka usiku kwa mambo ambayo hakuyasema, aliyelipa ada kwa kuuza ndama, aliyekuja kupoteza uwezo wa kusikia, na hatimaye akashikwa mkono kwenda kuota jua. Kumtunza mzee wa namna hiyo kwa miaka 10 au 20 ni utumishi ambao haukuandikiwa cheo, na mara nyingi ulifanywa na mabinti na wakaza wana ambao wasifu hauwataji kabisa.

Kizazi cha Keya kimekaribia kwisha, na Musuguri alikuwa miongoni mwa wa mwisho kabisa. Kizazi cha Kagera bado kipo, lakini mgambo aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza anakaribia 70, na mke wake yuko katika umri huo huo. Huko Bunda, Butiama na vitongojini Musoma wanawake hao wapo, na kumbukumbu zao hazihitaji jalada la jeshi: wanaweza kueleza ni mtoto yupi alikuwa mgongoni siku lori lilipowachukua wanaume, nani aliwalimia msimu ule, taarifa ya kwanza ilifika kwa njia gani, aliporudi alikula nini na alilala siku ngapi kabla ya kuzungumza. Maswali hayo yanaweza kuulizwa jioni moja, na majibu yake yakaandikwa kwenye daftari la kawaida wakati mume na mke wangali hai na kila mmoja anaweza kumsahihisha mwenzake.